Mngurumo wa Jumamosi Asubuhi

Mwaka niliotimiza miaka thelathini na sita, shingo yangu ilianza kuvimba. Nilidhani ni kunenepa tu. Mama yangu, anayeishi Kishanda katika nyumba niliyozaliwa, aliniona siku ya Pasaka nikifunga vifungo vya sare ya kwaya. Akaniwekea viganja vyake viwili chini ya taya, akabonyeza taratibu, akasema, "Hili ni rovu. Bibi yako alikuwa nalo. Nenda hospitali kabla halijakukaba."

Nilikwenda. Nikapewa barua ya rufaa, nikavuka ziwa hadi Mwanza, nikapasuliwa. Daktari alikuwa amenieleza yote kabla, kwa subira, huku akichora kwenye karatasi: hapa kuna uvimbe, na huu mstari mwembamba unaopita nyuma yake ni mshipa wa sauti, nitajitahidi nisiuguse, lakini uvimbe wako umeulalia. Nikatia sahihi. Nilipozinduka uvimbe ulikuwa umetoka wote, salama, na nilipotaka kuomba maji ilitoka hewa tupu.

Sauti ya kusemea ilirudi kidogo kidogo, yenye mikwaruzo, nzito kama ya mwanamume aliyeamshwa sasa hivi. Ya kuimbia haikurudi. Naomba niseme ilikuwa sauti ya namna gani, maana bila hivyo hasara yenyewe haitaeleweka. Tangu darasa la nne niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri kule Kishanda. Nilipohamia Buhembe kufundisha Jiografia sekondari, niliingia kwaya ya huko, na kwa miaka kumi na mmoja noti za juu zilizowashinda wenzangu ziliachwa kwangu. Watu waliokaa mbele walikuwa wakigeuza shingo watazame ni nani. Nilizoea kugeuziwa shingo, na sitadanganya, nilipenda.

Kwaya walinipokea kwa upendo, na upendo wao ndio ulioniuma. Mwenyekiti alinishika mkono mbele ya wote akasema, "Mwalimu, hatukubali utuache. Utatutunzia sare." Zilikuwa sare arobaini na mbili za zambarau zenye kola nyeupe. Nilizifua, nikazipiga pasi, nikawafungia wenzangu kola kila Jumapili, kisha nikaenda kukaa benchi la nyuma wakati wao wanaimba. Jumapili moja wimbo ulinichukua bila kufikiri, nikafungua mdomo. Kilichotoka kilimfanya mama mmoja aliyekaa mbele yangu ageuke kwa kushtuka, kama aliyesikia mlango wa stoo ukiburuzwa sakafuni. Nilifunga mdomo. Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani na nikasema nina mafua.

Mume wangu anauza vifaa vya umeme wa jua mjini Bukoba, na si mtu wa maneno mengi. Alinitazama wiki mbili hivi nikizunguka ndani, halafu akasema, "Shule zikifungwa, nenda ukakae kwa mdogo wako kisiwani. Daktari alisema upumzishe koo. Hapa hupumziki, unanyamaza tu."

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa injini za boti huko Bumbire. Nilikaa kwake wiki tatu, nikizungumza kwa daftari na kalamu. Watoto wake waliliona jambo hilo kuwa mchezo mzuri sana, nao wakawa wananijibu kwa kuandika ingawa hawakuwa mabubu. Mtu asipotumia mdomo kwa siku nyingi, masikio yanaanza kufanya kazi za ziada. Nilianza kusikia vitu ambavyo nadhani vilikuwepo siku zote: wanawake wakigeuza dagaa mchangani kwa reki, wote kwa pamoja bila kupanga, bati la paa likinyooka jua linapopanda, injini ya boti ikianza kuchoka kabla fundi hajaambiwa kwamba imechoka.

Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza ndani ya boti iliyofungwa kwenye maji ya kina kifupi, nikingoja mdogo wangu amalize kazi. Sikio langu lilikuwa limegusa ubao wa ubavuni. Kupitia ubao ule nilisikia sauti ambayo nje haikuwepo kabisa. Ilikuwa nzito, ndefu, haina mwanzo wala mwisho. Nikiinua kichwa, kimya. Nikikirudisha, ipo. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba ni injini ya boti nyingine iliyokuwa mbali sana, pengine nyuma ya kisiwa, na kwamba maji ndiyo yaliyoniletea. Nilitoa simu, nikaiweka ndani ya bakuli la bati, nikalibana bakuli kwenye ubao, nikarekodi.

Mdogo wangu alitokea na mikono imejaa grisi. "Dada, unarekodi nini? Hakuna mtu anayeongea."

Nikaandika kwenye daftari: *Ndiyo maana.*

Nilirudi Buhembe na rekodi zenye urefu wa saa nne kwenye simu. Nyumbani tulikuwa na kompyuta niliyoitumia kuchapia mitihani. Nilitafuta programu ya bure ya kuhariri sauti, na kwa sababu sikuwa na mtu wa kunifundisha, nilijifunza kwa kuharibu. Niligundua kwamba ukiichukua sauti ya boti ukaipunguza kasi hadi nusu, inashuka chini na kutanda kama ukungu unaotoka ziwani asubuhi. Ukiweka juu yake reki za dagaa nazo ukazipunguza kasi, zinakuwa kama kitu kikubwa kinachopumua. Nilikuwa nikitoka shule, nasahihisha madaftari, napika, halafu nakaa mbele ya kompyuta na kuanza kujenga giza. Siwezi kuliita kwa jina jingine. Nilikuwa na giza langu ndani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali pa kuliweka nikalitazama.

Mume wangu ndiye aliyegundua kwamba siko peke yangu duniani. Alikuwa akitazama video kwenye simu dukani kwake, akaja jioni akanionyesha. Watu wa nchi za baridi, ndani ya ukumbi mkubwa wenye taa chache, walikuwa wakicheza muziki uliofanana na wangu: sauti nzito zilizotanda bila maneno, zenye huzuni, na chini yake mdundo wa kompyuta ukipiga bila kukoma. Nilimpokonya simu. Sikushangazwa na ule ukungu, kwani huo nilikuwa nao. Nilishangazwa na miguu yao. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba kitu kinachohuzunisha namna ile kinaweza kuchezwa, tena kwa furaha.

Lakini muziki wangu ulikuwa bado una upungufu na nilijua ni upi. Haukuwa na mtu ndani yake.

Nilizunguka jambo hilo kwa siku kadhaa kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Hatimaye, Jumamosi moja mchana, nyumba ikiwa tupu, nilifunga madirisha, nikaweka simu mezani na kuimba kwa kufunga mdomo. Mmm, tu. Mara ya kwanza nilifuta bila kusikiliza. Ya pili nilisikiliza nusu nikafuta. Ya tatu niliipeleka kwenye kompyuta haraka kabla moyo haujageuka, nikaipunguza kasi, nikavaa spika za masikioni.

Ile mikwaruzo, ambayo katika maongezi ni kasoro, ilikuwa imefunguka. Kila mkwaruzo ulikuwa umegawanyika ukawa sauti kadhaa, nyingine juu kidogo, nyingine chini, zikigusana. Nilisikia kwaya nzima. Sauti ya zamani, ile nyembamba safi, nisingeweza kuifanya hivyo. Ingeshuka tu ikawa nene. Hii iliyovunjika ndiyo iliyokuwa na watu ndani. Nililia pale mezani, na nilipomaliza kulia niliipunguza kasi zaidi nione itafika wapi.

Wasikilizaji wangu wa kwanza hawakunitia moyo. Mama alikuja kutoka Kishanda kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamwekea kipande cha dakika sita. Alivumilia moja. "Zima kwanza," akasema. "Mwanangu, ni kitu gani kinanguruma humo? Kama ng'ombe aliyeanguka shimoni." Mwenyekiti wa kwaya, aliyepita kuchukua funguo za kabati la sare, alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Ni mzuri, Mwalimu. Kwa maziko." Nilimpa funguo zake.

Mambo yalibadilika kupitia kikundi cha mazoezi. Daktari alikuwa ameniambia nitembee na nitoe jasho, kwa hiyo nikajiunga na wanawake wa Buhembe waliokutana kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Tulikuwa kama thelathini: walimu, wakulima, wauza duka, wasichana wa saluni, mjane mmoja mwenye presha, mabibi wawili waliokuja na magongo na kuyaegemeza kwenye goli. Kiongozi wetu alikuwa nesi mstaafu, mama mnene mwenye raba nyeupe na filimbi shingoni. Sote tulimwita Nesi, hata wajukuu wake.

Kikundi kile kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya muziki. Nesi alikuwa na spika moja ya kubeba mkononi. Akiweka nyimbo za vijana, kina mama wa kanisani walisimama pembeni wakisema hawawezi kutikisa viuno kwa maneno yale. Akiweka kwaya, Walutheri walilalamika kuwa ni za Wakatoliki na Wakatoliki wakasema ni za Walutheri, na wasichana wa saluni wakapiga miayo. Jumamosi moja walikuja watu kumi na mmoja tu. Nesi alikaa juu ya spika yake, akapuliza filimbi kwa hasira mara moja, akasema, "Basi tutafanya kimya kimya kama wezi?"

Hapo ndipo niliposema, kwa sauti yangu ya mkwaruzo, "Nina muziki usio na maneno."

Waligeuka wote. "Wa nani?" Nesi akauliza.

"Wangu."

Wiki iliyofuata niliuleta. Nilisimama karibu na spika, nikabonyeza, ule mngurumo wa boti ukatoka na kutanda uwanjani. Walisimama. Walisubiri. Walitazamana. Mdundo nilioweka ulikuwa wa ngoma ya kompyuta, niliouchukua tayari kwenye programu, na ulikuwa unagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mjane mwenye presha akasema kwa Kihaya, "Mawe, mama yangu! Huyu anatuita kuzimu," na wakacheka. Nami nikacheka ingawa masikio yalinichoma. Nesi peke yake hakucheka. Alikuwa amefumba macho. Nilipouzima alinijia, akanivuta kando.

"Mwalimu, huu muziki kifua changu kinausikia," akasema, "lakini miguu haijui iende wapi. Nipe pa kukanyagia."

Neno lile la kukanyaga lilinifuata mpaka nyumbani. Nikiwa namenya ndizi jikoni nilisimama na kisu hewani. Nilimuuliza mume wangu, "Baba anakamua ndizi lini?"

Wakwe zangu ni Wakatoliki, wakulima wa migomba na kahawa huko Muleba, na baba mkwe bado anatengeneza pombe ya ndizi kwa namna ya wazee wake, kwa miguu. Ndizi zilizoivishwa humenywa, humwagwa ndani ya gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, huchanganywa na nyasi, na wanaume huingia ndani na kukanyaga mpaka juisi itoke. Mimi, binti wa Walutheri wasioonja, nilikuwa nimeolewa katika familia ile miaka kumi na miwili bila kusogea karibu na mtumbwi huo.

Baba mkwe aliponiona nikija na simu na bakuli la bati, alisimama katikati ya ndizi, suruali imekunjwa hadi magotini. "Mkamwana, leo umeokoka au umerudi nyuma?"

"Nataka miguu tu, Baba," nikasema. "Pombe mtakunywa wenyewe."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi. Halafu akaendelea na kazi. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na alikanyaga pamoja na kaka yake, bega kwa bega, kila mmoja na mkono wake begani mwa mwenzake. Nililala chini, nikalibana bakuli kwenye gogo. Fwacha, fwacha, fwacha, miguu ikizama na kutoka. Na kila baada ya hatua kadhaa, baba mkwe alipohamisha uzito, kisigino chake kiligonga mti wenyewe: *du*. Haikuja pale ulipoitegemea. Ilikuja mapema kidogo, kama mtu anayekukatiza maneno kwa sababu amefurahi. Nikiwa chini pale, shavu likiwa kwenye majani, niliona kidole changu kikubwa cha mguu kinacheza chenyewe ndani ya kandambili.

Nilifanya kazi siku tano. Nilitoa zile ngoma za kompyuta zote. Nikaweka miguu ya wazee wawili, nikairudia, nikaizidishia uzito kwenye kisigino mpaka kikawa kinasikika tumboni. Juu yake nikatandaza boti, reki za dagaa, na ile kwaya yangu ya mtu mmoja. Giza lilibaki giza, sikulipunguza hata kidogo. Lakini sasa lilikuwa na sakafu.

Jumamosi, Nesi alisikiliza hatua nane za kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Ya tisa, raba yake nyeupe ilinyanyuka. Hakupuliza filimbi. Alianza tu kukanyaga, mzito, magoti juu, na wanawake nyuma yake wakamfuata mmoja mmoja kama moto unaokolea, mpaka mabibi wawili wakayaacha magongo yao golini. Walicheza dakika kumi na mbili bila kusimama. Wasichana wa saluni walipiga kelele. Muziki ulipoisha, mjane mwenye presha aliinama, mikono magotini, jasho likimdondoka puani, akasema, "Mwalimu. Tena."

Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa zaidi ya hamsini. Mchungaji alipita kwa pikipiki, akasimama, akasikiliza, hakukuta neno la kupinga kwa sababu hapakuwa na neno. Nilitengeneza vipande vingine viwili. Kisha likaja tangazo la bonanza: vikundi vya mazoezi vya Bukoba na Muleba vingekutana mjini Muleba, kila kimoja kingepewa dakika kumi uwanjani mbele ya watu wote.

Nilisema tutumie nyimbo za kawaida. Pale kwetu wamezoea, nikasema, kule watatucheka. Nesi alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani amekuuliza wewe?" akasema. "Huo muziki ni wetu sasa. Wewe kazi yako ni kuubonyeza."

Siku hiyo mawingu yalikuwa chini, yamekaa juu ya vilima kama yanataka kutazama. Uwanja ulikuwa umejaa: fulana za njano, za kijani, za bluu, wazee kwenye mabenchi, wauza karanga, mgeni rasmi kwenye kiti cha kitambaa. Mama alikuwa amekuja kutoka Kishanda na mwavuli wake. Baba mkwe alivaa koti la harusi. Na kulikuwa na spika kubwa, mbili kila upande, zenye urefu wa mtu. Sikuwa nimewahi kusikia kazi yangu kwenye kitu kikubwa kuliko spika ya Nesi.

Tulikuwa wa saba. Vikundi sita vilikuwa vimecheza nyimbo zinazojulikana, na watu walikuwa wameimba navyo, wachangamfu, wamechoka kidogo. Wanawake wetu wakajipanga kwa fulana nyeupe. Nikachomeka waya, nikabonyeza.

Mngurumo uliotoka kwenye spika zile sikuutambua. Uliingia uwanjani kwa chini, kupitia ardhini, ukapanda magotini. Uwanja mzima ulinyamaza. Mtoto mmoja aliyekuwa analia aliacha. Nilikuwa nimeacha dakika moja na nusu ya ukungu kabla ya miguu kuanza, na dakika hiyo sasa ilikuwa ndefu kama mwaka. Mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua, alikimbilia kipaza sauti. "Samahani ndugu wananchi, naona mitambo ina hitilafu! Fundi! Fundi yuko wapi?" Akanyoosha mkono kuuvuta waya wangu.

Nesi alikuwa mstari wa mbele, hawezi kuondoka. Mume wangu alikuwa mbali. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilimshika mshereheshaji kifundo cha mkono, nikachukua kipaza sauti chake, nikasema, "Usiguse. Haijaharibika. Ndivyo ilivyo. Subirini."

Ile sauti yangu ya stoo, ile niliyoificha benchi la nyuma, ilitoka kwenye spika zote nne na kukaa juu ya mngurumo kama iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na kwa kweli ilikuwa imetengenezwa kwa ajili yake. Niliona watu wakigeuza shingo, benchi zima. Nilisimama wima nikageuziwa.

Kisha miguu ikaingia.

Fwacha, fwacha, fwacha, *du*. Wanawake hamsini wa Buhembe walikanyaga kwa pamoja, na ardhi ya Muleba ikaitika. Hatua chache tu zilipita kabla mzee mmoja kwenye mabenchi hajainuka, akinyoosha fimbo, akipaza sauti kwa Kihaya: "Wanakanyaga ndizi! Hawa wanakanyaga ndizi!" Kicheko kikapita kama upepo kwenye migomba, na nyuma ya kicheko wakaja watu. Wazee walishikana mabega wawili wawili, kama walio ndani ya mtumbwi. Fulana za njano zikaingia, za kijani zikaingia, muuza karanga akaweka beseni chini akaingia. Mshereheshaji alivua miwani yake. Juu yetu kwaya yangu ilikuwa inapanda na kushuka, nzito, yenye huzuni yote ile ya benchi la nyuma na sare arobaini na mbili, na watu mia kadhaa walikuwa wanaicheza huku wakicheka. Baba mkwe alikuwa akimwambia kila aliyemkaribia, akijipiga paja, "Hiyo miguu ni yangu! Waitu, jamani, hiyo ni miguu yangu!"

Dakika kumi zilipoisha mgeni rasmi mwenyewe aliinua mkono, akazungusha kidole hewani: endelea. Nikarudia tangu mwanzo, ukungu wote, dakika moja na nusu. Safari hii hawakunyamaza. Walinguruma nao, midomo imefungwa, uwanja mzima.

Baadaye, tukila ndizi na maharage chini ya turubai, Mama alikuja akakaa karibu yangu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi hadi kwenye kisigino, kwa hiyo sikumuuliza kama alicheza. Alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Ile sauti ya katikati," akasema, "inayopanda halafu inakaa. Ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

Aligusa kovu la shingoni mwangu kwa kidole kimoja. "Sikujua kwamba bado unaimba," akasema, kisha akageukia sahani yake haraka na kuwaambia waliokuwa jirani kwamba maharage yamezidi chumvi.

Vikundi vitatu vya Muleba viliomba muziki siku ileile, nikawawekea kwenye simu zao kabla hatujapanda gari. Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa kwaya alikuja nyumbani, kofia mkononi kama kawaida, akasema wanahitaji kitu cha ibada ya Ijumaa Kuu, cha kutangulia masomo, kitu chenye uzito, na kwamba wamekubaliana kwa kauli moja kuniomba mimi. Nilikubali. Nilimwambia pia kwamba atafute mtu mwingine wa kutunza sare, na akasema hilo walikwisha kulifikiria.

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani Buhembe umande bado haujakauka. Tangu mwanzo nilikuwa nasimama pembeni na kompyuta, kidole tayari, nikiangalia wengine wanavyocheza kazi yangu. Siku hiyo nilimwonyesha mmoja wa mabibi wenye magongo mahali pa kubonyeza. Akabonyeza kwa gongo lake. Nikaenda mstari wa mbele, bega kwa bega na Nesi, nikavua viatu, na ulipofika wakati wa miguu nikakanyaga.